Maji ya Ghorofa ya Saba

Nikisikia harufu ya spiriti inayoungua, hata leo, sioni jiko wala hospitali. Naona mdomo wa bomba la jikoni kwa mtu, na mkono wa mzee mmoja wa Kizulu ukizungusha hapo pamba inayowaka, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayenyoa nywele za mtoto mchanga. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu Johannesburg kuanzia mwaka 2015 mpaka 2019: kuingia majikoni mwa watu, kuunguza mabomba yao, na kuchota maji yao yakapimwe. Nimefanya kazi nyingine tangu hapo, zenye viti vya kuzunguka na mapazia, lakini hakuna ninayoikumbuka kwa mapenzi kama ile.

Watu wetu wa Uvira, Kongo, niliokuwa nikisali nao katika ukumbi uliowahi kuwa duka la samani, walinicheka mpaka wakachoka. Kwetu kila msichana anachota maji bure, walisema, na huyu amevuka nchi ngapi ili aje kuyachota kwa mshahara. Mimi hasira zangu ziko karibu, sijawahi kuzificha. Nikawa naweka kikombe changu cha chai chini na kuwaeleza tena na tena, huku wao wakikonyezana.

Niliwaeleza hivi. Maji yakitoka kule yanakosafishwa yanatiwa klorini, na hiyo klorini ni kama posho ya msafiri. Kila anapokutana na uchafu njiani, kwenye bomba lililopasuka au kona iliyooza, anaila kidogo. Akifika kwenye bomba la mwisho bado ana akiba, basi safari ilikuwa njema. Akifika mikono mitupu, ujue kuna kitu njiani kimemlia akiba yake, na sisi kazi yetu ni kukitafuta. Mchungaji alisema huo ni mfano mzuri, na Jumapili iliyofuata akautumia katika mahubiri bila kunitaja. Nilinuna wiki nzima.

Maabara yetu ilikuwa Marshalltown, chumba cha juu ya duka la sare za walinzi. Asubuhi nilishuka kwa miguu kutoka Berea, na ile njia naweza kuitembea hata sasa nimefumba macho. Kwenye robot ya kwanza, ndivyo wanavyoziita kule taa za barabarani, alikuwako mama wa magwinya, maandazi yao yale ya mviringo, mafuta yake yakichemka kabla jua halijatoka vizuri. Mbele kidogo wasusi walipanga viti vyao vya plastiki ukutani na kutundika vipande vya nywele za bandia, nyekundu na dhahabu. Teksi zilipiga honi kana kwamba sisi wote ni viziwi. Nilikuwa na koti moja la baridi, la kijivu, na nilijiona mtu muhimu sana ndani yake.

Yule mzee wa Kizulu ndiye aliyekuwa mkuu wangu kazini. Nilimwita Baba, kama kila mtu mwenye adabu alivyomwita, naye aliniita sisi, yaani dada kwa lugha yao. Alikuwa karibu kustaafu, mrefu, mpole, na gari letu lilinuka chai yake ya rooibos kuanzia Januari mpaka Desemba. Ndiye aliyenifundisha kila kitu: kupangusa bomba, kuliunguza, kuyaacha maji yakimbie kwanza ili yaliyolala kwenye bomba yaondoke, kufungua chupa bila kugusa mdomo wake, kuilaza katika sanduku la barafu. Halafu alinifundisha kile nilichokipenda kuliko vyote. Unachota maji kwenye kichupa cha kioo, unatumbukiza kidonge kidogo cheupe, unatikisa. Klorini ikiwamo, maji yanageuka rangi ya waridi. Ikiwa nyingi, waridi lililokoza. Ikiwa haba, waridi la kufifia. Yakibaki meupe, hamna kitu. Baba alikuwa akiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha na kusema "sharp", yaani safi, kwa sauti ya chini, na kwangu siku ilikuwa imebarikiwa.

Nyumbani nilikaa na shangazi yangu, dada wa baba yangu mzazi, aliyenilea tangu nikiwa mdogo. Tulipanga chumba kimoja katika jengo la zamani pale Berea, ghorofa ya saba, jiko tukichangia na familia mbili za Warundi. Lifti ilikuwa imekufa kabla sisi hatujafika nchini. Shangazi alikuwa mmoja wa wale wasusi wa barabarani. Vidole vyake vilikwenda haraka kuliko maneno yake, na maneno yake hayakuwa machache. Lakini chumbani mwetu alitembea kama mgeni. Hakupigilia msumari hata mmoja ukutani. Nikifunga mlango kwa kishindo alinikemea kwamba tuko kwa watu. Na chini ya kitanda chake, upande wa mlangoni, ulikaa mfuko mkubwa wa buluu umefungwa tayari: nguo zake, Biblia, karatasi za ukimbizi, sufuria ndogo. Akitaka nguo aliutoa, akaufungua, akavaa, akaufunga tena. Nilimwambia mara ngapi tununue kabati. Alikuwa akiitikia tu, kisha anaurudisha mfuko wake mahali pake.

Sikuweza kumlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa zaidi ya mara moja. Huko Uvira alikuwa na nyumba yake, vita vikamtoa. Akajenga nyingine, vita vikarudi.

Na kabla ya kuwa msusi, shangazi alikuwa mtu wa maji kama mimi. Kipindupindu kilipokuwa kikiingia Uvira, alikaa ufukweni mwa ziwa amevaa aproni nyeupe, bomba la sindano mkononi, na kila aliyetoka kuchota alipita mbele yake. Akafyonza dawa, akaitia kwenye kidumu, akasema nenda, anayefuata. Watoto tulimkwepa kwa sababu maji yake yalinuka hospitali. Yeye alitukimbiza na kutushika masikio. Nilipopata kazi ile Marshalltown, yeye peke yake hakucheka. Aliniuliza tu tunatumia kipimo gani.

Mwaka 2016 ulikuwa wa ukame. Maji yalikatwa na kurudishwa, na yakirudi yalikohoa kwanza, yakatoka rangi ya kutu. Katika jengo letu watoto wakaanza kuharisha, kwanza wa Warundi wetu, kisha wa ghorofa ya sita na ya nane. Nesi wa zahanati aliwauliza mama zao wanakunywa maji gani, habari ikatembea, ikafika kwenye meza ya maabara yetu. Baba aliliweka jengo letu katika mzunguko wa wiki iliyofuata.

Nilirudi nyumbani nimejaa majivuno. Shangazi alikuwa amekaa juu ya kitanda akichambua sombe, majani ya muhogo, aliyoipata kwa mama mmoja wa Lubumbashi. Nikamwambia kwamba tunakuja, mimi na Baba, tutapima kuanzia chini hadi juu, mpaka tujue ubaya uko wapi.

"Na mukikuta maji ni mubaya?" aliuliza.

Nikamjibu kwamba tutaandika ni mabaya, ndiyo kazi yetu. Akaendelea na majani yake. Sikuona kitu, maana nilikuwa ninajisikiliza mwenyewe. Lakini yeye alikuwa amesikia kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi kwamba jengo la jirani lilifungwa baada ya wakaguzi kuja, watu wakatolewa na magodoro yao mpaka barabarani. Walikuja kwa ajili ya umeme, au ngazi za moto, hakuna aliyejua vizuri. Kwake mkaguzi alikuwa mkaguzi.

Siku ya kupima ilifika, na jengo zima lilitupokea kama wageni wa harusi. Masinki yalikuwa yamesuguliwa. Mama mmoja wa Kirundi alikuwa amelivisha bomba lake kitambaa cha kufumwa, ikabidi nikivue kwa heshima kabla ya kuwasha moto. Tulianza chini. Maji ya ghorofa ya kwanza, yanayotoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaani, yaligeuka waridi zuri. Baba akasema sharp. Tukapanda kwenye ghorofa zinazolishwa na tangi la paani.

Jikoni kwetu, ghorofa ya saba, nilipangusa, nikaunguza, nikayaacha maji yakimbie. Shangazi alisimama mlangoni, hakwenda kazini siku hiyo. Nikatumbukiza kidonge. Maji yakapata waridi la ghafla, waridi kali kuliko nililowahi kuona, kisha mbele ya macho yangu rangi ikaondoka. Yakabaki meupe kama hakikuwahi kuingia kitu. Nikajua hamna klorini. Meupe ghorofa ya saba maana yake ni jengo zima la juu linakunywa maji yasiyo na ulinzi, na mimi ndiye ninayepaswa kuliandika hilo kuhusu nyumba yangu.

Baba hakuandika. Alichukua kichupa, akakileta puani, akarudisha kichwa nyuma. Akaninyooshea nami ninuse. Kilinuka kama sakafu ya hospitali. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba klorini ikipita kiasi sana, inaiunguza hata ile rangi inayoitangaza. Mtu anadhani haipo, kumbe imejaa tele. Eish, sisi, akasema, hili tangi mtu amelifulia nguo.

Mimi nilikuwa tayari nimegeuka kumtazama shangazi. Harufu ile niliifahamu kabla sijajua kusoma.

Sikungoja tufike chumbani. Nilimfokea pale pale kwenye korido, mbele ya Warundi na mkuu wangu, nikimuuliza anajua watoto wangapi wamekunywa maji yale asubuhi, anajua ninaweza kufukuzwa kazi, na nani alimpa ruhusa ya kupanda paani katika umri ule. Ninapokumbuka sauti yangu ilivyogonga zile kuta, bado masikio yananiwaka. Shangazi alisubiri niishiwe na pumzi.

"Ni mi nilitia jiki," alisema. "Jana, jua likizama. Asubuhi nikapita milango yote, nikabaambia mama batoto basinyweshe mutu maji ya robine. Manyumba mbili nilishaacha na mufuko ku kichwa. Bakifunga na hii, sina tena nguvu ya kuubeba."

Warundi wakaitikia kwamba kweli, alipita akiwakataza maji ya bomba. Baba aliniuliza amesema nini. Ningeweza kufupisha, kwa aibu, lakini nilimtafsiria neno kwa neno, na la mfuko pia. Alivua kofia yake. Akaniambia nimjibu kwamba yeye hakuja kuihukumu nyumba, amekuja kwa ajili ya maji tu. Lakini maji yakifundishwa kusema uongo, hakuna atakayeweza kuyatibu. Shangazi akauliza kama anaahidi kwamba hawatafunga. Baba akasema haahidi, kwa sababu hilo haliko mikononi mwake. Nilitamani adanganye kidogo. Hakudanganya, na nadhani ndiyo maana shangazi alimwamini.

Kisha Baba alimwuliza alitia kipimo gani. Hapo ndipo mwanamke yule aliyepima vidumu kwa sindano mwaka nenda mwaka rudi, bila kukosea tone, akainamisha kichwa. Tangi hajui ukubwa wake, akasema. Alimulika ndani kwa simu, akaona manyoya, akaogopa, akamwaga chupa zote za jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, alizokuwa nazo kwa imani. Nikatafsiri. Baba alicheka mpaka akashika ukuta, na shangazi, baada ya kujizuia kwa muda, akacheka pia. Mimi bado nilikuwa na hasira, kwa hiyo nilicheka mwisho.

Tulipanda wote watatu paani. Tangi lilikuwa la chuma, kubwa, halina mfuniko. Upepo au mwizi, mmoja wao alikuwa ameuchukua. Pembeni njiwa wamejenga, na ndani humo yaliyoelea sitayaeleza. Ikawa wazi hata kwangu: maji yalikuwa yakisafiri salama kutoka mbali kote huko, yanapanda kwa pampu mpaka kwetu, kisha yanaharibikiwa hatua chache kabla ya kufika kikombeni.

Baba akaamuru yaliyotiwa dawa yamwagwe, yaingie mengine, nasi turudi. Tuliporudi, maji yalibaki meupe, meupe ya kweli safari hii, na sahani za maabara zikaota vijidudu. Taarifa ikaandikwa: bomba la mtaani ni jema, tangi ni bovu, lisafishwe na lifunikwe. Ikaenda kwa mwenye jengo. Jibu lililorudi kupitia kwa msimamizi ni kwamba mwenye jengo anatafakari, na kwamba wapangaji wenye malalamiko mengi humfanya mtu afikirie kulikarabati jengo lote likiwa tupu.

Neno hilo, tupu, lilipanda ngazi haraka kuliko maji. Jioni ile nilimkuta shangazi ameuvuta mfuko wake katikati ya chumba, anakagua fundo. Nilikaa sakafuni karibu naye. Nilikuwa nimeogopa. Kwa mara ya kwanza niliichukia kazi yangu, na zile chupa zote, na ukweli wao.

Shangazi ndiye aliyeinuka. Jumapili, baada ya ibada, kabla mchungaji hajatoa baraka ya mwisho, alikwenda mbele na kuomba kusema. Aliwaambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba yeye alijaribu kuyaficha na karibu awaumbue wenzake wote. Halafu akaomba wanaume. Jumamosi iliyofuata walikuja na ndoo, brashi za sakafu na viatu vya mpira. Warundi wa jengo letu wakajiunga, Waislamu wawili miongoni mwao wakaleta ngazi. Msimamizi alikuja kufoka, akapewa brashi. Waliimba humo ndani ya tangi, sauti zikivuma mpaka barabarani, na fundi mmoja wa mageti akachomelea mfuniko kwa mabati na kuutia kufuli.

Baba alikuja siku hiyo bila gari la kazi, kwa basi, amevaa suti yake ya kanisani. Alipima upana na kina cha tangi kwa kamba, akakokotoa kiasi cha dawa, akamwita shangazi aje aitie yeye. Shangazi alivaa aproni nyeupe. Sikujua kwamba alikuwa nayo. Ilitoka ndani ya mfuko wa buluu.

Tulipopima mara ya mwisho nilimpa kichupa akitikise mwenyewe. Waridi lilikuja polepole, likakaa. Akakishika juu kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu, mpaka Baba akamnong'oneza neno la kusema, naye akalisema kwa lafudhi ya Uvira: "Sharp."

Jengo halikufungwa. Sijui kama mwenye jengo alituonea haya au alisahau tu. Watu wenye majengo mengi husahau. Ufunguo wa kufuli alibaki nao shangazi, na kila alipotoka kazini alipanda kwanza paani kutazama tangi lake, akilalamika magoti. Watoto wakapona. Baba akastaafu mwaka uliofuata, nikaendelea kuzunguka na mwingine ambaye hakuwa na chai wala hadithi.

Mwaka 2019 nilipata nafasi Durban, kazi yenye kile kiti cha kuzunguka. Siku ya kuondoka nilikuwa nikihangaika na masanduku ya karatasi na mifuko ya plastiki, nafoka peke yangu kama kawaida yangu, shangazi akanitazama kutoka kitandani. Ukutani juu ya kichwa chake kulikuwa na msumari, na juu ya msumari aproni. Sijui aliupigilia lini. Akainama, akauvuta mfuko wa buluu. Akaufungua, akatoa nguo zake moja moja na kuziweka kwenye rafu ya mbao, kisha Biblia, kisha karatasi, kisha ile sufuria ndogo ambayo aliirudisha jikoni. Aliukung'uta mfuko dirishani. Akaenda kwenye bomba, akayaacha maji yakimbie kwanza kama nilivyomfundisha, au kama alivyonifundisha, akanijazia chupa ya safari na kuitia ndani ya mfuko ule.

Nilimwambia siwezi kuuchukua, huo ni wake, atabebea nini.

"Ubebe weye," alisema, akinivika mkanda begani. "Mi nilishafika."